Miaka Miwili ya Hanania

Chini ya kitanda chetu palikaa masanduku mawili, moja la buluu na moja jeusi, na kwa miezi kumi na minne sikumaliza kuyafungua. Nguo za watoto nilitoa, makoti ya mtumba tuliyonunua Gikomba nilitoa, na sufuria moja. Vilivyobaki vilikaa humo humo, vimefungwa kwa kamba ya manila: leso zangu, mbuzi ya kukunia nazi, kinu kidogo cha iliki, na vikombe sita nilivyokabidhiwa na kina mama wa kanisani siku walipotuaga. Baba watoto akiniuliza mbona sivitoi, jibu langu lilikuwa moja: "Si tumekuja miaka miwili tu? Nivitoe leo, kesho nianze kufunga tena?"

Mkataba wake wa kazi ulisema hivyo, miaka 2, katika mji mdogo nje ya Stuttgart, kusini mwa Ujerumani. Sasa tuko mwaka wa sita. Naandika haya kwenye meza ya jikoni, maharagwe yakiwa motoni, na nikiinua macho naviona vile vikombe juu ya rafu. Vimebaki vitano. Juma hili nataka niwasimulie jinsi vilivyofika pale, kwa sababu safari yao kutoka chini ya kitanda hadi kwenye rafu ilichukua muda mrefu kuliko safari yetu ya ndege, na imenirudisha kwenye sura mbili za Yeremia nilizodhani nazijua.

Fungueni sura ya 28. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza alikuwa amemchukua mfalme Yekonia, pamoja na mama yake, na wakuu, na mafundi, na wahunzi, akawahamishia Babeli. Alichukua na vyombo vya hekalu. Waliobaki Yerusalemu na waliohamishwa walikuwa na swali moja midomoni: lini? Akasimama nabii Hanania hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatoa jibu lenye tarehe. Kabla ya miaka 2 kwisha vyombo vitarudi, na mfalme atarudi, na watu watarudi. Kisha akaishika nira ya mti aliyokuwa ameivaa Yeremia shingoni kuwa ishara ya kuitumikia Babeli, akaivunja mbele ya wote.

Nimeihubiri sura hii mara nyingi, na kila mara nilimfanya Hanania kuwa tapeli. Siku hizi namwonea haya, maana namfahamu kwa karibu. Anasema yale ambayo kila mtu wa ughaibuni hujisemea alfajiri ya Januari, anapowapakia watoto mkate wa shule na nje bado kiza kitupu: mwakani, Mungu akipenda. Na angalieni jambo ambalo sisi wahubiri hulipita mbio. Kabla ya kumpinga, Yeremia alimwitikia Amina. Alitamani iwe kweli, vyombo virudi, watu warudi. Na nira ilipovunjwa hakugombana, alienda zake kimya, neno la kumjibu likamjia baadaye. Basi mtu akilia kwa kutaka kwao, asiambiwe amekosa imani. Nabii mwenyewe alisema Amina.

Halafu ndiyo ikaja barua ya sura ya 29, iliyopelekwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Wengi wetu tukiitaja barua hii huruka hadi mstari wa 11, ule unaochapishwa kwenye kalenda na kubandikwa kwenye matatu. Sina ugomvi na mstari wa 11. Lakini barua haianzii hapo. Inaanza kwa kuwaambia watu wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula kilichomo, waoe na kuozesha, wazae; kisha wautakie heri mji waliohamishiwa na kuuombea. Miaka 70 inatajwa baada ya hayo yote. Nabii alikuwa na nafasi adimu ya kutuma neno la Mungu safari ya miezi hadi Babeli, na sehemu kubwa ya mwanzo ameijaza habari za paa, jembe, chungu na harusi. Hakuna kuhani aliyepewa zamu, wala madhabahu iliyoagizwa. Ukiwa umeshinda kutwa jikoni ukaisoma barua hiyo usiku, unagundua imeandikwa anwani yako.

Mimi niligundua kwa kuchelewa. Kule kwetu Rabai, Pwani, nilikuwa mchungaji. Nilizika, nilifungisha ndoa, niliamua magomvi, na simu yangu ililia hata saa nane za usiku. Tulipofika hapa, tukaenda ofisi moja kujaza karatasi za kibali cha kukaa. Ofisa akaniuliza kazi yangu. Nilikuwa na Kijerumani cha A1, kile cha ngazi ya kwanza ambacho wake wengi wanaowafuata waume zao hutakiwa kukifaulu kabla ya kupewa viza, na nikajibu kwa fahari kwamba mimi ni mchungaji. "Hapa Ujerumani?" Hapana. Akaandika Hausfrau, mama wa nyumbani, akapiga muhuri. Sikumlaumu, alikuwa anajaza nafasi iliyo wazi. Ila niliporudi nyumbani niliingia bafuni, nikafungua maji ili watoto wasisikie, nikalia.

Tangu siku hiyo niliishi kama mtu aliyeketi kituo cha basi. Wito wangu niliuacha Rabai pamoja na joho, ndivyo nilivyoamini. Hapa nilikuwa nangoja. Mtu anayengoja basi hafagii kituo. Nilipika kwa ile sufuria moja. Sikununua pazia. Jirani akinisalimu ngazini kwa ile salamu yao ya kusini, Grüß Gott, inayomtaja Mungu hata kinywani mwa asiyekanyaga kanisani, nilijibu nikiwa nimeshafika mlangoni. Nilikuwa nimemkaribisha Hanania akae nami nyumbani na kumpa kitanda. Nilidhani tatizo lake ni tarehe aliyokosea. Kumbe tarehe ilikuwa jambo dogo; alichonifanyia ni kunifanya nione kwamba chakula ninachopika leo si chakula chenyewe, na jirani niliye naye si jirani hasa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa kibao.

Nilikikuta asubuhi moja kimening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wetu: Kehrwoche, juma la kufagia. Wenyeji wa huku, Waswabia, wana utaratibu kwamba kila nyumba katika jengo ina juma lake la zamu. Kuna zamu ndogo ya ngazi za ghorofa yako, na zamu kubwa ya nje, njia ya waenda kwa miguu, ngazi za kushukia stoo ya chini, na theluji wakati wa baridi. Wenyewe huanzisha habari yake kwa Eberhard, mtawala wao mwenye ndevu ndefu, na amri za usafi za Stuttgart za mwaka 1492. Mji wa Stuttgart uliifuta sheria yake mwaka 1988, lakini mikataba ya kupanga nyumba imeishikilia, na kina mama wa ngazini wameishikilia zaidi.

Kufagia! Nilicheka peke yangu. Nani wa kunifundisha kufagia, mimi niliyezaliwa penye uwanja wa mchanga, fagio la chelewa mkononi tangu nina miaka sita? Nikaamka saa kumi na moja na nusu, kama kwetu, jua lisikukute na uwanja mchafu, nikainama na kifagio changu kifupi nikaanza ngazi ya juu, kwaru, kwaru, kwaru. Nilipofika ghorofa ya kwanza mlango ukafunguka. Bibi wa miaka themanini na ushei, kavaa gauni la usiku, ananitazama nilivyopinda mgongo. Akanyoosha kidole kwenye saa yake. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi hapa ni usiku, na usiku una sheria yake ya ukimya. Halafu akaingia ndani. Nikajua nimeshtakiwa. Akatoka na ufagio wa mti mrefu na ndoo, akaniwekea mlangoni, akaonyesha kwa mkono: baadaye, na kwa maji. Ngazi hazifagiwi tu, hupigwa deki, na mkono wa ngazi hupanguswa.

Huo ndio mwanzo wangu na jirani wa chini. Mengine alinifundisha kidogo kidogo, na mengi yalikuwa ya takataka. Karatasi zina pipa lake, maganda ya jikoni yana lake, vifungashio vya plastiki ni mfuko wa njano, chupa za vioo hupelekwa kwenye makontena ya mtaani na kamwe si Jumapili, kwa kuwa Jumapili mlio wa kioo ni dhambi. Chupa ya maji ya plastiki ina rehani ya senti 25, ukiitupa umetupa pesa. Nilisoma ratiba ya takataka kwa bidii niliyokuwa nikisomea mitihani ya chuo cha theolojia, na mtihani huu ulikuwa mgumu zaidi.

Jumapili yenyewe ilinishangaza. Maduka hufungwa kote, na ulinzi wa siku hiyo umo ndani ya katiba yao; ibara ya katiba ya mwaka 1919 ilihamishiwa katika katiba ya sasa jinsi ilivyo. Nchi ambayo makanisa yake mengi yana viti vitupu inaitunza sabato kuliko sisi tunaojaza makanisa kisha tukapitia sokoni. Siwasifu kupita kiasi. Wengi wanaitumia siku hiyo kulala. Lakini mama wa nyumbani aliyesahau kununua unga Jumamosi huonja torati kwa ulimi wake.

Sasa turudi kwenye vikombe.

Ilikuwa Alhamisi Kuu ya mwaka wetu wa pili. Kengele ikalia, nikamkuta yule bibi mlangoni na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na Maultaschen, chakula cha Waswabia: vifuko vya unga vilivyosukumwa vyembamba, ukubwa wa kiganja, vikachemshwa, mithili ya sambusa isiyoonja mafuta. Ndani yake mna nyama ya kusaga, mchicha wa kizungu na mkate. Akanisimulia, akicheka, kwamba vina jina la utani lenye maana ya vidanganya-Mungu, kwa sababu husemwa kuwa watawa wa Maulbronn walificha nyama ndani ya unga wakati wa Kwaresima ili Mungu asiione. Nilicheka nikiwa nimeshika mlango. Sikumwambia aingie. Ningemkaribisha wapi? Nilikuwa na bilauri nne za plastiki na kikombe kimoja chenye nembo ya kiwanda cha baba watoto.

Watoto walimaliza vile vifuko kwa dakika tano, nikabaki na sahani. Nyeupe, ina ua la buluu pembeni. Nikaiosha, nikaifuta, nikaiweka mezani, na ikaanza kunitazama. Ninyi mliolelewa Pwani mnajua ninachosema. Sahani ya jirani hairudi tupu. Bibi yangu hata akiwa hana kitu angetia chumvi, au ndimu mbili, lakini tupu hairudi. Mungu wa Yeremia alikuwa ameninyamazia mwaka mzima, au mimi ndiye niliyekuwa nimeziba masikio, na usiku ule alizungumza kwa sahani.

Ijumaa Kuu nikavuta sanduku la buluu, nikakata kamba kwa kisu. Nazi nilikuwa nimeinunua kwa Mturuki. Mbuzi ikatoka, kinu kikatoka, vikombe vikatoka vikiwa bado na gazeti la Nairobi la siku ya safari. Nikaikuna ile nazi nikiwa nimeketi sakafuni, mbuzi ikilia chini yangu, tui likatoka zito, nikaumua unga wa mahamri. Saa nane mchana nikaanza kutwanga iliki. Bwana wa ghorofa ya juu akateremka kwa hasira: Ijumaa Kuu, siku iliyo kimya kuliko zote, mtu anapiga nini nyundo? Nikaomba radhi. Hakupokea, na mpaka leo hatusalimiani vizuri. Si kila mlango hufunguka, nisiwadanganye. Iliki niliimalizia ndani ya blanketi, kinu kimefunikwa na mimi nimekifunika.

Jioni nikapeleka sahani, mahamri kumi yakiwa moto. Nikamwambia bibi aje anywe chai Jumatatu ya Pasaka. Alikuja saa tisa kamili, si saa tisa na dakika moja, na maua mkononi. Akaketi hapa nilipoketi, akanywa chai ya maziwa yenye tangawizi katika kikombe cha kina mama wa Rabai. Alipomaliza akanyoosha mkono, akanitajia jina lake la kwanza. Huku watu wazima huitana kwa majina ya ukoo na kwa "nyinyi" ya heshima hata miaka ishirini, na mkubwa ndiye mwenye haki ya kuufungua mlango wa "wewe". Kwetu mdogo ndiye hutangulia na shikamoo. Nikampa shikamoo yangu, kwa Kiswahili, nikamweleza maana yake. Akaniambia hajawahi kushikwa miguu na mtu. Nikamwambia, basi umeshashikwa, itikia marahaba. Ameshaizoea. Husema "marahaba" hata nikimwambia mvua inanyesha.

Barua ya Yeremia inataja bustani, na bustani nayo ina kisa chake. Mama yangu alinitumia mbegu za mchicha kwa mtu. Aprili moja jua likawaka siku nne mfululizo, nikadhani masika imefika, nikapanda kwenye makopo nje ya dirisha. Bibi alinionya: ngoja Watakatifu wa Barafu. Ni watakatifu wa siku za katikati ya Mei, wa mwisho Sofia, tarehe 15, ambaye huku humwita Sofia Baridi. Wakulima hawaamini joto mpaka amepita. Sikumsikia, mimi Mkristo nisiyetishwa na majina ya kalenda. Tarehe 9 Mei baridi ikaja usiku, asubuhi mchicha wangu umelala kama uzi uliochemshwa. Mwaka uliofuata nilimngoja Sofia kwa unyenyekevu, na Julai tulikula mchicha wa kutosha hadi watoto wakaomba msamaha.

Lakini mboga ya kwanza niliyokula hapa na roho yangu ikatulia sikuipanda. Ni lile jani lenye ua la manjano linaloota kila penye nyasi, ambalo Wajerumani huliita jino la simba. Nililitafuna siku moja bustanini, likanirudishia uchungu wa mchunga, ule mchunga wa kwetu unaochemshwa na kutiwa tui zito. Nikaanza kulichuma, nikiona aibu kidogo, mzungu asinione nakula majani. Bibi aliniona. Badala ya kucheka alinyamaza. Kisha akasema mama yake aliwalisha jani hilo kwenye njaa ya baada ya vita, na kwamba sasa watu hulinunua sokoni kama saladi ya wenye pesa. Tulichuma pamoja. Yeye alitia siki na mayai, mimi nikatia tui la kopo. Hakulipenda la kwangu, nami sikulipenda la kwake.

Wapo wenzangu watakaosema, mchungaji, umegeuza Maandiko kuwa mapishi. Labda. Ila niwaeleze nilikokwenda mwaka jana.

Vituo vichache kwa treni ya S6 kutoka Stuttgart kuna mahali panaitwa Korntal. Mtoto yeyote aliyesoma Shule ya Jumapili Rabai anawajua wamisionari Krapf na Rebmann. Nyumba zao bado zipo kwetu, jirani na kanisa. Sikuwa nimetia akilini kwamba wote wawili walizaliwa huku ninakonunua unga: Krapf huko Derendingen karibu na Tübingen, mwaka 1810, Rebmann huko Gerlingen, mwaka 1820. Na wote wawili wamezikwa Korntal. Rebmann alifika kwetu mwaka 1846 na hakurudi Ulaya hadi 1875, akiwa karibu kuwa kipofu. Nilisimama pale makaburini na watoto wangu, Warabai wanaozungumza Kijerumani cha Kiswabia, nikaona jinsi Mungu anavyopenda kuzungusha mambo.

Lakini niliowafuata moyoni si hao wanaume. Krapf alihamia Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Julai ya mwaka huo huo Rosine akafariki, na kitoto chao cha kike kilichozaliwa siku hizo kikafa. Kaburi lake liko kwetu, ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Hakupata hata muda wa kufungua masanduku. Rebmann alimwoa Emma, Mwingereza, huko Misri mwaka 1851, naye akaishi pwani yetu hadi alipofariki mwaka 1866. Miaka mingi ya moto wa kuni, maji ya kuteka, homa, na majirani wasiojua lugha yake. Theluji ya Kilimanjaro ambayo mumewe aliiona tarehe 11 Mei 1848 imeandikwa kila mahali, pamoja na kejeli za wataalamu wa Ulaya waliokataa kumwamini. Vitabu nilivyosoma mimi haviingii jikoni mwa Emma. Nani alimwonyesha mchunga na kumtenganishia na nyasi? Nani alimletea sahani ya kwanza, naye akairudisha na nini? Walikuwa bibi zetu. Wanahistoria wana mengi ya kusema juu ya wamisionari, mema na mabaya, na wana haki. Mimi nilisimama pale kama mke aliyemfuata mume, nikamwambia Emma pole, kwa Kiswahili.

Nirudi kwenye barua, kuna jambo moja silipiti. Watu wa Yeremia walitekwa; mimi nilikuja na tiketi na ugali wa safari. Na wapo dada zetu waliokwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, pasi zao zikafungiwa kabatini na mwajiri, mshahara hautoki, kulala ni kwa muda wa saa tatu tu. Mtu asimsomee dada kama huyo mstari wa kujenga nyumba na kukaa. Barua hii iliwaambia wahamishwa wakae katika nyumba zao wenyewe na kula bustani zao wenyewe. Haikumwambia mtu akae ndani ya mateso. Dada, ukiisoma hii, tafuta njia ya kutoka, na sisi tusiwe watu wa kukuuliza kwanza pesa ulizotuma zimefika ngapi.

Barua ya Yeremia ilipata upinzani, na upinzani ulitoka huko huko Babeli. Shemaya mmoja aliandika Yerusalemu kwa kuhani Sefania, akalalamika mbona mtu huyu hafungwi, anawaambia watu ni muda mrefu, jengeni, pandeni. Ninao akina Shemaya wangu kwenye simu. Husema, "Umeshazoea wewe, umekuwa Mjerumani." Yupo shangazi mmoja, nampenda sana, ambaye hunihesabia miaka kila Krismasi kwa sauti ya hakimu. Sina la kumjibu shangazi. Humwambia shikamoo, humsikiliza, kisha hugeuza simu akaone mchicha dirishani.

Juzi Jumamosi alikuja kwetu binti kutoka Kilifi, ana miezi mitatu hapa, mumewe kaja kusomea shahada. Kaolewa mwaka jana tu, hina haijafutika sawasawa. Tulikula wali wa nazi. Nikamuuliza wamepata samani, akasema hapana, mchungaji, godoro linatosha, tumekuja miaka miwili tu. Nikamtazama baba watoto, baba watoto akaitazama sahani yake.

Sikumhubiria. Nilinyanyuka nikachukua kopo la maziwa ya mgando lililokuwa dirishani, lenye miche minne ya mchicha, nikamfungia kwenye mfuko wa karatasi asije akaimwaga kwenye treni. Alikuwa ameshafika ngazini, viatu miguuni, aliposimama akageuka.

"Mama, udongo huku huuzwa wapi?"